Hakimu Amebaki Ng'ambo

Foleni ya nyama choma ya Jumamosi mchana ilikuwa imetoka mlangoni na kuzunguka kona, na Lavonne Pruitt alikuwa amesimama ndani yake dakika arobaini, na gauni lake la manjano na viatu vya kisigino alivyokwisha kuvijutia. Alipobakiza mtu mmoja tu mbele yake, mtu huyo akaagiza sahani ya mwisho ya ncha za kidari zilizoungua, nyama ambayo watu wa Kansas City wanaweza kuigombania hata msibani.

"Kaka, unajua kuila hiyo, au unanunua kujionyesha?" Lavonne alimuuliza.

Mwanamume akageuka. Alivaa kofia ya kahawia na shati lililopigwa pasi hasa. Lavonne, aliyefanya kazi ya udobi, aliliangalia shati kabla ya uso. Uso nao haukuwa mbaya.

"Kaa tugawane, bibie, unihukumu mwenyewe."

Wakakaa. Aliitwa Emmett Gaines, na kazi yake ilikuwa kupelekea watu samansi za mahakama.

"Kwa hiyo unalipwa kuchukiwa."

"Na mbwa wananing'ata bure. Wewe umeolewa?"

"Niliwahi. Nikapona. Baba wa mwanangu yuko jimbo jingine."

"Mbali?"

"Mbali sana," alisema Lavonne, kwa sababu ukweli ulimtia aibu.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Dwight Stuckey, mwezeka mapaa na mume wake wa zamani, aliamriwa na hakimu wa Missouri atoe matunzo ya binti yao Odessa, mtoto wa miaka saba. Dwight akafikiri sana, kwa kadiri kichwa chake kilivyomruhusu, kisha akabeba godoro na televisheni akavuka Barabara ya Mpaka. Upande wa mashariki wa barabara hiyo ni Missouri, upande wa magharibi ni Kansas, na kutoka ukingo hadi ukingo ni hatua ishirini na mbili, Lavonne alizihesabu. Bwana huyo aliamini kwamba hukumu hufika kwenye mstari wa njano katikati ya lami ikachoka ikarudi nyumbani. Jumapili, Odessa akitoka kanisani, baba yake alimpungia kopo la bia kutoka ng'ambo. Baba mzima, na ndevu zake! Mtoto alikuwa akisoma kwa miwani iliyofungwa plasta, na baba anampungia kopo.

Basi ndiyo maana Lavonne hakuwa na haraka ya kumpenda mtu. Lakini Emmett alipiga simu kesho yake, na keshokutwa yake.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na sijanyang'anya mtu."

"Nyang'anya tu, mimi nipo."

"Maneno! Mlipewa wapi maneno yote hayo, nyinyi wanaume?"

Jumapili ya wiki ya tatu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba yake wakila tikiti maji, na Lavonne akampa sharti lake. "Moja tu. Nikipiga simu, pokea. Dwight alianza kuniacha kwa kutopokea simu. Nguo zake zilifuata baadaye."

"Dwight?" Emmett aliuliza.

"Dwight Stuckey. Usilitaje tena, linachafua tikiti."

Emmett aliweka kipande chake cha tikiti chini, akaaga mapema. Kuanzia Jumatatu hakupokea simu. Lavonne alipiga mara moja, mara mbili, mara ya tatu akakata mwenyewe kabla haijaita. Alijiona mjinga, akajichukia kwa kujiona mjinga, kisha akahamishia chuki yote kwa Emmett, ambako ilikaa vizuri zaidi.

Jumatano alipigiwa simu na karani wa ofisi ya matunzo.

"Mama, hukumu yako wameisajili Kansas. Bado jambo moja tu, Dwight akabidhiwe notisi mkononi. Lakini mpeleka samansi ameenda mara tatu, na mara zote anafungua mtu anayesema Dwight kahamia Texas, yeye ni binamu yake, Randy."

"Ana jino la dhahabu huyo Randy?"

"Analo."

"Huyo ndiye Dwight! Randy gani? Hana binamu hata mmoja anayekubali kuongea naye!"

"Najua, mama, lakini anasema siye. Tumempa mtu mwingine. Ikipita Ijumaa, faili linarudi huku na utaanza upya."

Alikwisha kuanza upya mara mbili. Miezi kumi na minne ya fomu, na kinachowashinda ni mtu mmoja mwenye jina la uongo.

Ijumaa alasiri alitoka kazini, blauzi yake ikinuka mvuke wa pasi, akapita Barabara ya Mpaka. Kwenye baraza ya Dwight watu wawili walikuwa wakicheza dhumna. Mmoja alikuwa na jino la dhahabu. Wa pili alikuwa na kofia ya kahawia, anacheka, anapiga meza, na ubavu wa nyama choma mkononi.

Lavonne aliumia hasa. Kisha miguu ikavuka barabara yenyewe.

"Kumbe!" alipiga kelele kutoka getini. "Nawapigia simu watu, kumbe watu wananunuliwa kwa ubavu mmoja! Emmett, ulikuwa bei rahisi hivyo?"

Emmett akawa kama kamwagiwa maji. Dwight ndiye aliyesimama, tumbo mbele.

"We mwanamke, unawapigia wageni wangu kelele?"

"Nyamaza, Randy!"

"Randy?" Wapita njia walikuwa wameanza kusimama, na Dwight hakuwahi kunyima watu maonyesho. "Mimi ndimi Dwight Stuckey! Usiniogopeshe! Hapa ni Kansas, hakimu wako amebaki ng'ambo! Utanifanya nini mimi, Dwight Stuckey?"

Emmett akaweka ubavu chini. Akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akatoa bahasha ndani ya koti, akaiweka kwenye kiganja kilichokuwa bado kinajipiga kifua.

"Dwight Stuckey, umekabidhiwa. Una siku ishirini za kupinga."

Siku za mwizi ni arobaini, Dwight alipunguziwa. Aliisoma bahasha, midomo ikitembea, kisha akafanya jambo ambalo mtaa ule bado unalicheka. Alikimbia akavuka barabara, akaitupa bahasha upande wa Missouri, akarudi anahema na kutabasamu kama mtu aliyeshinda.

Lavonne hakupoteza hata tusi kwake. Alikuwa anamtazama Emmett.

"Siku tano," alisema.

"Faili lilikuwa limefika kwangu Ijumaa iliyopita, sijalifungua vizuri. Uliposema jina lake, nikaenda kumwambia bosi kwamba nampenda mama wa mtoto. Akaniuliza kama tumeoana. Nikasema bado. Akasema basi nenda, ila usiongee na huyo mama mpaka karatasi ifike, asije wakili wa Dwight akasema mlipanga."

"Na dhumna?"

"Siku tatu namwita Randy, anaitika. Nimekula naye, nimecheka utani wake. Lavonne, utani wake!"

Lavonne alitaka kucheka, akakataa. "Nilikupa sharti moja tu."

"Moja tu, na nimelivunja."

Lavonne akageuka kuondoka. Alifika kwenye mstari wa njano, simu ikalia mkobani. Aliiacha iite mara mbili, nyuma yake Emmett amesimama ukingoni, simu sikioni.

"Nani?" alisema Lavonne.

"Mtu wa foleni. Nina karatasi moja nataka usaini siku moja. Ya ndoa."

Lavonne alisimama katikati ya lami, mguu mmoja kila jimbo, gari linampigia honi.

"Itatoka jimbo gani?"

"Utakalotaka wewe, mpenzi."

"Missouri," alisema. "Na ukishasaini, Emmett Gaines, hii barabara uvuke ukiwa umenishika mkono."