Msumeno Uliopakwa Mafuta ya Mtoto

Mashine iliyolala zaidi ya miaka ishirini haiwaki kwa mvuto wa kwanza. Fundi yeyote anajua hilo. Unavuta kamba, inakohoa. Unavuta tena, inatema moshi. Unafungua plagi, unaipuliza, unatukana kidogo, unavuta mpaka bega linakufa ganzi, na ukiwa na bahati itawaka kabla jua halijazama. Ule msumeno mkubwa wa Damiano uliwaka kwa mvuto mmoja tu, Jumamosi saa tisa alasiri, kijijini Isansa, mwaka wa themanini na mbili. Fundi mwenye akili angeuzima na kukaa nao mbali. Damiano alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka.

Huyu Damiano alikuwa fundi wa mitambo ya kukoboa kahawa, mtu hodari, mpole, na mbishi kupindukia. Kazi ile ilimlisha, lakini roho yake ilikuwa kwenye kibanda nyuma ya jiko, alikofufua misumeno ya mashine ya zamani, ile ya kukatia magogo iliyoachwa na walowezi walipofunga mashamba yao. Alikuwa nayo minne. Aliifungua hadi skrubu ya mwisho, akaiosha kwa mafuta ya taa, akanoa minyororo jino kwa jino kwa tupa ya mviringo. Ikipona aliiwasha, akaisikiliza kwa dakika mbili, akaizima, akaifuta na kuirudisha kwenye rafu. Hakukata nayo hata kijiti. Wanakijiji walimtania kwamba ni yeye peke yake Mbozi nzima mwenye misumeno minne ya injini na mke anayeokota kuni. Nesta, mkewe, hakuona cha kuchekesha hapo.

Ule wa tano aliutoa Kamsamba, alikokwenda kutengeneza mashine ya mpunga ya kijiji. Ulikuwa umetupwa ghalani, mzito wa kubebwa na watu wawili, pistoni imeganda, mnyororo umeota kutu. Alipouomba, mtunza ghala, mzee Osea, hakusita hata kidogo. Aliufunga gunia mwenyewe, akashika upande mmoja wakaupakia kwenye lori, na lori lilipoondoka alikwisha geuka na kuingia ndani. Damiano alidhani ni ukarimu wa watu wa bondeni.

Aliuhangaikia miezi sita. Ulipokamilika, kilipungua kitu kimoja, oili ya kuchanganya na petroli. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya kuhadithiwa, na duka la kijiji lilikuwa na rafu na karani, basi. Ndipo alipokumbuka bosi wake wa zamani akisema kwamba injini za kale zilikunywa mafuta ya nyonyo bila shida. Na chupa ya nyonyo ilikuwepo nyumbani mwake, juu ya kabati, imezibwa kwa gunzi.

Haikuwa chupa ya kuguswa. Mama yake Nesta aliyakamua mafuta yale kwa mikono yake kule Ikinga, mwezi aliozaliwa Fides, mtoto wao wa pekee, ambaye sasa alikuwa na miaka saba. Katika ukoo wao kila mtoto alikuwa na chupa yake. Alipakwa siku ya kwanza ya kutolewa nje, ili wale wasioonekana wanaolinda nyumba wamtambue kuwa ni wa hapa. Alipakwa akiugua, na angepakwa siku ya kuolewa. Mtoto mwingine hakuwekewa hata tone, awe wa shangazi au wa jirani. Damiano aliyajua yote hayo. Alimimina nusu ya chupa kwenye petroli, na kwa nusu iliyobaki akaupaka msumeno mwili mzima, taratibu, kwa vidole, jinsi anavyopakwa kichanga. Kisha akasema kwa sauti, kwa mzaha wake wa kawaida, "Haya, na wewe ni mwanangu sasa."

Nesta alimsikia kutoka jikoni, na maneno yale hayakumpendeza. Kabla hajainuka kwenda kumwambia, Damiano alikwisha vuta kamba.

Fides alikuwa mkekani mbele ya mama yake, akichambua maharage. Msumeno ulipolia, kiganja chake kilifunguka, maharage yakamwagika. Akabaki ameketi vilevile, macho wazi, mdomo wazi kidogo, kifua kimetulia kabisa. Nesta alimwita, akamtikisa, akampiga mgongoni. Msumeno ulipozimwa, mtoto alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akaanza kuokota maharage yake. Nywele zake zilinuka moshi wa petroli.

Jumapili walipotoka kanisani, Damiano aliuwasha tena, na mtoto akawa vilevile. Nesta alimweleza mumewe. Damiano alisema ni homa, akatafuta klorokwini, akampa mtoto vidonge kwa uji. Alikasirika hasa. Mashine yake nzuri kuliko zote imewaka, na mkewe anamletea habari za mafuta ya bibi. Usiku ule walilala wamepeana mgongo.

Jumanne msumeno uliwaka wenyewe. Damiano alikuwa kazini, kibanda kimefungwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nesta alisikia ule mlio mzito katikati ya mchana, akachungulia kwenye upenyo wa mbao, akauona mezani unatetemeka, mnyororo unazunguka mbio na hakuna mkono ulioushika. Alirudi mbio jikoni. Fides alikuwa amesimama kando ya mtungi na kikombe mkononi, maji yakimtiririka kidevuni, bila pumzi. Nesta alimshika hivyo mpaka mlio ulipokoma, na mtoto alipozinduka alisema kwa upole kabisa, "Mama, mle ndani ni padogo."

"Wapi, mwanangu?"

"Mle. Kuna mwingine. Ananiambia nimpishe kidogo tu, halafu atanirudishia."

Jioni ile Nesta alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie, kwamba kesho asipokaa nyumbani akaona kwa macho yake, atamkuta ameondoka na mwana kwenda kwao Ikinga. Damiano alikaa. Saa sita na robo mashine iliwaka. Alibonyeza swichi ya kuzimia, ikaendelea. Aling'oa waya wa plagi, ikaendelea. Sasa jasho likawa linamtoka, kwa sababu mtu anaweza kubishana na mkewe lakini fundi hawezi kubishana na plagi. Aliuinamisha msumeno akamwaga petroli yote chini, akangoja ile iliyobaki kwenye kabureta iishe, na ikaisha, na injini ikaunguruma kwa robo saa nzima, nyororo, yenye furaha, ikitoa harufu nzito ya nyonyo, huku Nesta akilia mlangoni na mtoto akiwa amelegea mabegani pake, midomo inageuka kijivu.

Ulipozima, Damiano alinyakua nyundo. Nesta aliishika mikono yake.

"Na akiwemo humo, Baba Fides?" alisema. "Ukiuponda naye yumo?"

Damiano aliiweka nyundo chini, akaketi sakafuni. Tangu waoane, Nesta hakuwa amemwona akilia. Alimwomba msamaha kwa ajili ya chupa, akaomba tena na tena.

Katekista alikuja, akaomba pamoja nao kwa moyo wote, na kesho yake msumeno ukalia kwa dakika arobaini. Dereva mmoja wa malori akawaambia kuhusu Mwalimu Makame, Mpemba aliyefundisha chuo cha Kurani Tunduma na kuheshimiwa kwa kazi ya kutoa vitu vya namna hii. Nesta hakuuliza dini ya mtu. Alipanda lori, akarudi naye siku ya pili, mzee mwembamba mwenye kanzu safi na mkoba wa ngozi.

Makame hakuingia kibandani kwanza. Aliuliza mashine ilipewa nini na iliambiwa nini, na Damiano akajibu yote akitazama vidole vyake vya miguu.

"Jini huyu hakuvunja mlango, bwana Damiano," alisema. "Alikuwa chumani humo, na chuma kimekufa, naye amelala. Umemwamsha. Umempaka mafuta ya mwana, ukamwita mwana. Sasa yuataka nafasi ya mwana, na nafasi ni moja. Mashine ikilia, yeye hujaribu mwili wa binti yako, na binti huwa mle chumani. Ikinyamaza, kila mmoja hurudi kwake. Iko siku jini hatakubali kurudi."

"Tufanyeje, Mwalimu?"

"Mimi nitasoma. Lakini wewe uliyemwita ndiye utakayemkana. Ungoje mashine inyamaze. Ungoje binti avute pumzi tatu, uzihesabu. Ndipo umwambie yule wa chumani kuwa si mwanao. Usiseme kabla. Ukisema kabla, maneno yako yatamfikia binti, maana ndiye atakayekuwa mle." Akamtaka Damiano arudie maagizo yale mara mbili, na Damiano akarudia bila kukosea.

Kesho yake adhuhuri ilipopita waliuweka msumeno uani, juu ya gogo la kupasulia kuni. Fides alilazwa mkekani, hatua nne kutoka pale, kichwa mapajani mwa mama yake. Nesta alishika unyoya wa kuku mbele ya pua ya mtoto ili waone pumzi. Makame alifukiza ubani, akaanza kusoma. Msumeno uliwaka. Unyoya ulisimama.

Dakika kumi. Ishirini. Mlio ulipanda, moshi mweupe ukatambaa chini chini bila kujali upepo, ukauzunguka mkeka, kuku wakajificha, majirani wakafunga madirisha mchana kweupe. Dakika arobaini zikapita, halafu hamsini, na sauti ya Makame ikaanza kukauka, na mashine ikalia kwa nguvu zaidi kana kwamba inamcheka, na Damiano akaona kucha za mwanawe zikigeuka bluu, akaona miguu yake midogo ikikakamaa, akamsikia Nesta akiita jina la mtoto kwa sauti ambayo hakupata kuisikia kwa binadamu, na akajiambia angoje, akajiambia pumzi tatu, akahesabu pumzi ambazo hazikuja, na saa nzima ikatimia, na unyoya haukutikisika, na kitu ndani yake, ule ubishi wake wa kutokubali mashine imshinde, kikamrusha mbele mpaka akaushika msumeno unaonguruma kwa mikono miwili na kuupigia kelele usoni.

"Wewe si mwanangu! Sikukuzaa! Sikujui! Usiniite baba tena!"

Mashine ilizima.

Kabla haijazima kabisa, injini ilitoa mlio mmoja mdogo, mwembamba. Kila aliyekuwapo uani aliusikia, na Nesta aliutambua. Ndivyo Fides alivyokuwa akilia alipoanguka akachubuka goti.

Mtoto aliketi mkekani. Alinyoosha mikono mbele yake, akaigeuza, akaitazama viganja kwa makini. Akatabasamu. Aliomba ugali.

Makame alifunga mkoba wake. Damiano alimkimbilia njiani akimwuliza kwa nini anaondoka bila kula wala kuagana, mtoto si amepona, si anakula, si kila kitu kimekwisha? Mzee alimtazama kwa huruma na hasira pamoja.

"Nilikwambia ungoje," alisema. "Dua yangu haifungui kilichofungwa na baba mtu." Akapanda lori la kwanza lililopita kwenda Tunduma.

Sasa ni mwaka wa pili. Msichana amenawiri. Hajaugua hata mafua, anaongoza darasani, anamwamkia kila mtu mzima njiani, na walimu wanamsifu. Ngozi yake inang'aa kwa mafuta ingawa hakuna anayempaka, na chumba anacholala kinanuka nyonyo mpaka kwenye mapazia. Nesta humpikia na kumfulia. Hamwiti kwa jina. Alfajiri huenda kibandani, huufunika msumeno kwa kanga yake, hukaa nao mpaka jua litoke, akiusimulia habari za nyumbani, ng'ombe wa jirani kazaa, bibi wa Ikinga anasalimu. Damiano hasemeshwi.

Misumeno mingine minne aliitoa bure. Kazi ya kahawa aliacha. Kutwa nzima yuko kwenye ule mmoja. Ameufungua mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini hufungua kwa woga, skrubu moja leo, moja kesho, kwa maana hajui ni kipande gani akikiinua atamtoa mwanawe na ni kipi akikiinua atammaliza. Amebadilisha plagi na kusafisha kabureta. Kila siku huunong'oneza kwamba alikosea, kwamba yeye ni baba, kwamba arudi. Hauwaki.

Ila akivuta kamba polepole sana, pistoni ikiwa inapanda, husikia mle ndani pumzi ikivutwa, fupi, ya mtoto aliyelia mpaka akachoka.

Alasiri moja alikuwa ameivuta hivyo mara ya sita au ya saba, sikio limebanwa kwenye chuma, aliposikia nyayo mlangoni. Msichana alikuwa amesimama pale na sare yake ya shule, amemletea chai.

"Baba," alisema kwa upole, akikiweka kikombe mezani, "usivute hivyo. Unamuumiza."