Mfuko wa Herufi

Saa saba mchana ukumbi wa chini wa jengo lile huwa haupitiki. Wapiga picha za pasipoti, wapiga kopi, mafundi simu na wauza bahasha wamegawana kuta zote, na watu wa ofisini wakishuka kutafuta chakula hukumbana na watu wa foleni. Katika msongamano huo alipita mwanamke mmoja aliyevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji, koti jeupe kalitupia begani, mkononi ana bahasha yenye muhuri wa hospitali uliochakaa ndani yake. Kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa yeye. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hana haraka ya kitu chochote.

Hospitalini walimwita Dada Usingizi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, kisha kukaa kichwani pao akitazama kifua kinavyopanda na kushuka mpaka waamke. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Wenye maneno yao walisema kwamba tangu mumewe afariki, ile dawa ya ganzi imemrudia mwenyewe, na kwa mara moja wenye maneno hawakukosea sana. Alikula, alilala, aliitikia salamu. Msibani hakutoa chozi, na tangu hapo wenzake wakawa wanamshika kama yai. Zamu ngumu hapangiwi, mzaha hatupiwi, akiingia chumbani watu wanashusha sauti. Naye aliwaacha, maana hata kukataa kunataka nguvu.

"Fundi mihuri ni nani hapa?" aliuliza.

"Ndiye mimi. Karibu, dada. Kaa hapo ushike nafasi ya mtu."

Aliyejibu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, aproni ya turubai kifuani, penseli sikioni, vidole vyake vina wino wa zambarau mpaka chini ya kucha. Mbele yake, katikati ya makopo ya wino, palikuwa na ubao uliogawanywa miraba midogo midogo, na juu yake maneno yaliyopangwa kwa vibao vya mti, kila kibao na herufi yake. Alikuwa akicheza na mpiga kopi wa jirani, ambaye sasa ameitwa na mteja mwenye rundo la karatasi.

"Nimeleta muhuri," alisema Dada Usingizi.

"Muhuri nusu saa utakuwa tayari. Lakini hapa kuna zamu inapoa. Hizo herufi saba zilizosimama mbele yako, unda neno lolote, mradi liungane na yaliyopo ubaoni."

"Sijawahi kucheza hii."

"Kusoma si unajua?"

Akakaa, kwa sababu kukaa na kusimama kwake yalikuwa mamoja. Alitazama zile herufi kwa muda, akachukua mbili, akaweka *ua*.

"Alama mbili," fundi alisema. "Dada, wachoyo nimewaona, lakini wewe umetia fora."

Hakucheka. Alichukua kibao kingine akakigeuza huku na huku. "Hii K imeangalia nyuma."

"Hiyo ni aibu yangu. Seti za dukani zina Q na X zisizo na kazi kwetu, halafu A chache, na sisi neno moja tu linameza A tatu. Nikachonga zangu. Sasa mkono wa fundi mihuri umezoea kuchonga kinyume, ili ukigonga karatasi isomeke sawa. Hiyo K ilinipita kabla sijazinduka."

"Ukaiacha?"

"Nimeiacha initie adabu."

Muhuri ulipokuwa tayari, fundi alikuwa na alama mia mbili na kumi na moja, na Dada Usingizi ana thelathini na nane. "Mpiga kopi akirudi atalia," fundi alisema bila huruma hata kidogo. "Umemharibia jina."

Njia nzima kurudi hospitalini kitu kidogo kilikuwa kinamchoma chini ya mbavu. Alikichunguza kwa utulivu, kama anavyochunguza mapigo ya mgonjwa, akagundua kwamba amekasirika. Ameshindwa, na imemuuma. Kesho yake saa saba alirudi, mkononi hana muhuri wowote.

Hivyo ndivyo alivyoanza kujifunza. Fundi alimfundisha kutazama ubao kwanza na herufi zake baadaye, kuwinda ile miraba iliyopakwa rangi inayozidisha alama, kupachika *ni* mwishoni mwa neno la mwenzake na kulifanya lake. "Usikumbatie herufi nzuri ukingojea neno la ndoto," alimwambia. "Tumia ulichonacho." Na ukitoa vibao vyote saba kwa mkupuo mmoja, unapewa alama hamsini za ziada. Hilo yeye aliliona likifanyika upande wa fundi tu.

Jioni fundi akaanza kumpigia simu.

"Umefika, mama?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Fundi, *oa* ni neno?"

"Ni neno."

"Na *oana*?"

Fundi akakohoa kidogo. "Hilo pia ni neno. Ila mtu mmoja haliwezi."

Ijumaa ya wiki ya tatu, katikati ya mchezo, alimwambia. Alilisema vilevile anavyosema uzito wa mgonjwa. "Mume wangu alifariki. Mwaka wa tatu huu."

Fundi aliweka kibao chini. "Pole sana."

"Asante. Zamu yako."

Jumatatu yake alimshinda fundi kwa mara ya kwanza, na bila kujijua akatabasamu. Jumanne akamshinda tena. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshinda michezo kumi na moja mfululizo, mpiga kopi anamwita Bingwa, na Jumamosi, siku ambayo hakuwa na zamu, alikuja na gauni la njano ambalo lilikuwa limekaa kabatini mpaka mikunjo yake ikakataa pasi.

"Leo umenikusudia," fundi alisema.

"Nimekusudia ubao."

"Ubao hauna macho, mpenzi."

Usiku huo fundi alimpigia simu akamwambia anampenda. Alitafuta ndani yake kitu cha kujibu. "Nimesikia," alisema mwishowe.

"Nimesikia si jibu."

"Ndilo nililonalo kwa sasa." Na ilikuwa kweli. Kama mtu aliyelalia mkono, alijua ni wake, ila hausikii bado.

Basi Jumamosi iliyofuata ndipo mambo yalipoharibika. Mtu aliyetumia miaka kutazama vidole vya waliolala hashindwi kutazama vya aliye macho. Aliuona mkono wa fundi ndani ya mfuko wa vibao ukikawia. Unashika, unaachia, unashika kingine. Mteja akamwita fundi pembeni, na Dada Usingizi, bila haraka, akavigeuza vibao vya mwenzake. F, V, Z, G, D, H, na U moja. Mtu hakutani na balaa la namna hiyo ila amelitafuta.

Fundi aliporudi alikuta kila kitu mahali pake.

"Fundi, nitolee M," alisema taratibu.

Fundi, akidhani anapimwa ufundi, alitia mkono mfukoni huku anamtazama usoni. M ikatoka.

"Na K. Ile iliyogeuka."

Ikatoka pia. Vidole vilivyochonga mihuri miaka ishirini vilikuwa vinasoma kila mchoro gizani. Alikuwa bado anatabasamu alipoelewa anachoonyesha, na tabasamu likamwishia mdomoni.

"Nilianza kukushinda lini?" Dada Usingizi aliuliza.

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa ya kabla yake nilikuwa nimekwambia habari za mume wangu."

"Sikiliza, mama. Nilitaka ufurahi tu. Siku ile ulitabasamu..."

"Kwa hiyo hata ile ya kwanza ulinipa."

Fundi akaiweka ile K mezani.

"Dunia nzima inanishika kama yai," alisema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Hapa tu ndipo nilipokuwa nashindwa kama mtu mzima. Umenipa pole yako ndani ya mfuko, Fundi, nami nikawa najiita bingwa."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Mpiga kopi akamwamkia, hakumsikia.

Simu iliita mara nne siku hiyo, mara tatu kesho yake, na baada ya wiki ikawa inaita mara moja tu, saa saba kamili mchana. Hakuipokea. Alirudia maisha yake ya zamani, sindano, barakoa, salamu, lakini hayakumkaa tena. Kitu kilikuwa kinawasha. Wiki ya pili wifi yake, dada wa marehemu, alimpigia kama alivyompigia kila Jumapili tangu mazishi.

"Wifi, hizo kelele ni za nini?"

"Naosha vyombo."

"Unaviosha au unavipiga? Sahani hizo alinunua kaka yangu, zihurumie."

"Kuna mtu ameniudhi."

"Hebu rudia," wifi alisema.

"Nina hasira, wifi. Nina hasira sana."

"Mungu mkubwa." Wifi alikuwa anacheka, na kicheko kina machozi. "Miaka mitatu nakuuliza hujambo unanijibu sijambo kama mashine. Nilishasema tumezika wawili. Kakufanya nini huyo mtu?"

"Ameniachia nishinde."

"Wenzio wanaibiwa waume, wewe umeibiwa kushindwa." Kisha wifi akashusha sauti. "Kaka yangu alikuwa anakuachia nini?"

Alifikiri, sahani mkononi. "Hakuniachia kitu. Hata rimoti ya televisheni."

Wakacheka wote wawili, na mmoja wao alikuwa hajacheka siku nyingi.

"Basi ukimpata mwingine asiyekuachia," wifi alisema, "mimi sinuni. Nenda kamgombeze uso kwa uso, lakini sahani ziache."

Jumamosi alikwenda. Gauni lile lile la njano, na mkobani ana kipakiti alichokiomba stoo ya chumba cha upasuaji. Fundi alimwona kwa mbali akasimama, akakaa, akasimama tena. Dada Usingizi hakumpa nafasi ya kuomba radhi. Aliweka glavu mezani.

"Vaa. Jozi mbili, moja juu ya nyingine."

"Kwa nini mbili?"

"Ukivaa moja bado unaweza kusikia nywele. Ukivaa mbili, vidole vimelala."

Fundi akavaa. Mpiga kopi akachungulia kutoka kwenye mashine yake. "Leo unampasua nani, Fundi?"

"Mimi ndiye ninayepasuliwa," fundi alisema, akatia mkono mfukoni.

Mchezo wa kwanza fundi alimshinda Dada Usingizi kwa alama tisini. Hakumwonea haya. Alimfungia njia, alimwibia miraba, na *ni* zake zote alizipachika kwenye maneno ya mwenzake. Dada Usingizi aliuma mdomo, akachanganya vibao, akasema, "Tena."

Katikati ya mchezo wa pili fundi alisema, macho yake kwenye ubao, "Nataka kukuoa."

Dada Usingizi aliweka neno lake kwanza, akahesabu alama, akaandika. "Uniulize siku nitakayokushinda."

"Nikiwa na glavu hizi?"

"Na hizo hizo. Na ukiniachia nitajua, na huo ndio utakuwa mwisho."

"Inaweza kuchukua miaka, mama."

"Basi ichukue."

Lakini siku hiyo herufi zilimpenda Dada Usingizi. Mfukoni vilipobaki vibao vichache alikuwa anaongoza kwa alama tisa, na mpiga kopi alikuwa ameacha wateja wake wajihudumie. Zamu ilikuwa ya fundi. Alitazama vibao vyake saba. Akatazama ubao, pale kona palipokuwa na I ya neno jingine iliyobaki wazi. Jasho likamtoka kwenye kipaji cha uso. Dada Usingizi alikitazama kifua cha fundi kikipanda na kushuka, akajua kuna kitu amekiona, akajua pia kwamba anatamani asingekiona.

Fundi akavipanga kimoja kimoja. Ile K iliyogeuka nyuma, kisha S baada ya I ya ubaoni, halafu vilivyosalia, vyote saba.

"*Kisigino*," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Pamoja na hamsini, themanini na mbili."

Mpiga kopi akamtazama mwanamke.

"Ungeweza kuniachia," Dada Usingizi alisema.

"Ningeweza."

"Ungekuwa umeoa sasa hivi."

"Najua." Fundi alivua glavu. Vidole vilikuwa vimelowa na kujikunja, wino umepauka, na hakuwa anamtazama.

Hapo ndipo machozi ya Dada Usingizi yalipokuja, bila kubisha hodi. Alilia pale pale kwenye kiti cha mteja, saa nane mchana, watu wa pasipoti wanapita na picha zao. Alimlilia mumewe, na rimoti yake, na miaka mitatu. Fundi alinyoosha mkono kutaka kumshika bega, akasita, akaurudisha mapajani.

"Zamu yako," alimwambia, na akangoja.

Dada Usingizi alicheka katikati ya kulia. Alijifuta kwa kiganja, akavitazama vibao vyake mpaka vikaacha kuchezacheza machoni, akachukua viwili akaweka *ua*.

"Alama mbili," fundi alisema.

"Ziandike."

Akaziandika.

"Sasa niulize."

"Lakini hujanishinda, mama. Umebaki nyuma mno."

"Najua nilipo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini humo alikuwa na haraka. "Niulize, Fundi."