Vipimo vya Dada

Haya yalimkuta jirani yetu mmoja, fundi cherehani. Watu wote humwita Pini, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Yeye na dada yake walishona katika chumba kimoja, cherehani mbili zikitazamana, na kwa mtu wa nje walikuwa chanda na pete. Moyoni, Pini alimwonea dada yake gere.

Sababu ilikuwa moja tu: mabibi harusi walimtaka dada. Mteja akiingia, Pini husimama na tepu shingoni, mteja akamruka kwa macho. "Fundi mkubwa yupo?"

"Na mimi mdogo ni nini, kiraka?" Pini hujibu. Wateja hucheka. Yeye hacheki.

Kisha dada akabadilika. Alianza kwa kuchelewa kazini. Sahani yake ikawa inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Mteja akiwapo alitabasamu. Mteja akitoka, alibaki ameshika sindano isiyo na uzi saa nzima. Gauni la harusi la mwalimu mmoja lilining'inia ukutani likiwa na mkono mmoja. Mama yao akawa anampelekea chai kitandani na kumwita kipenzi.

"Ningekuwa mimi," Pini alinung'unika, "ningeambiwa niamke nipige deki."

Mama naye alikuwa na lake. "Mwanangu amerogwa," alinong'ona siku moja. "Na kikulacho ki nguoni mwako." Aliposema hivyo alimtazama Pini.

Wiki ile nesi wa zahanati alikuja kuchukua sketi yake. Alimwangalia dada kwa muda, akamuuliza maswali mawili matatu, kisha akamvuta Pini mlangoni.

"Dada yako hapati usingizi, hali chakula, hata kazi aliyoipenda haitaki tena. Huo ni ugonjwa, unaitwa sonona. Unatibika. Mlete Jumatatu."

Pini aliitikia kwa kichwa, na hakumwambia mtu. Kudeka kwenyewe kumeshamfanya malkia. Akipewa na jina la ugonjwa, si atabebwa mgongoni? Jumatatu ikapita. Ikapita ya pili, na ya tatu.

Jumatatu ya nne, mchana kweupe, dada aliingia kazini akikokota miguu. Blauzi ilimpwaya.

"Nipime," alisema. "Nguo zote zinanibana."

Pini akaangua kicheko. "Zinakubana? Dada, hiyo blauzi mnaingia wawili!"

Dada hakucheka. "Nipime, mdogo wangu."

Kifua cha dada kilikuwa inchi thelathini na nne. Pini alikijua kwa moyo. Akapitisha tepu mgongoni, akazileta ncha mbele. Hazikukutana. Akalegeza, akalegeza tena, ndipo zikakutana. Inchi hamsini na moja. Akachungulia nyuma. Tepu ilikuwa mbali na mgongo wa dada, imekaza, na katikati hapakuwa na kitu.

Akajaribu kuingiza mkono kwenye ile nafasi. Mkono haukupita. Palikuwa na joto.

Tepu ikatanuka kidogo. Ikalegea. Ikatanuka tena. Pini akatazama kioo. Dada alikuwa amebana pumzi.

"Umemhisi," dada alinong'ona. "Wewe ni wa kwanza."

"Nani?"

"Simjui. Nambeba tangu asubuhi. Nimechoka, Pini. Nataka nilale nisiamke tena."

Tepu ikaanguka. Pini hakuiokota. Wivu wote ulimtoka, akabaki na hofu moja, ya kumpoteza dada yake. Alimshika mkono wakatoka, mlango wazi, mpaka zahanati.

"Nilikwambia lini?" nesi aliuliza.

Pini akalia mbele za watu. "Nilimwonea wivu," alisema. "Nilimwonea wivu mgonjwa."

"Utalia baadaye. Sasa kaa naye, usimwache peke yake."

Haikuwa kazi ya wiki moja. Kulikuwa na vidonge, na mazungumzo na daktari kila Jumatatu, na siku za kurudi nyuma. Lakini sahani zikaanza kurudi tupu, na gauni la mwalimu likapata mkono wa pili. Pini alimpima dada mwenyewe: thelathini na nne. Alishukuru Mungu. Na mabibi harusi waliporudi wakiulizia fundi mkubwa, roho ilimuuma vilevile. Ndivyo binadamu alivyo.

Halafu asubuhi moja Pini aliketi kwenye cherehani na hakuona sababu ya kuigusa. Chai haikuwa na ladha. Alijikaza kisabuni siku kumi nzima, akiwatania wateja kama kawaida, na hakuna aliyeshtuka. Mama alisema anadeka. Blauzi yake, ile aliyoishona mwenyewe, ilimbana mgongoni.

Dada ndiye aliyemwona ameshika sindano isiyo na uzi.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Sina kitu. Uchovu tu."

"Mimi pia nilisema uchovu."

Akachukua daftari la vipimo, atafute vya Pini vya zamani apate kulinganisha. Akafungua ukurasa. Akausoma mara mbili. Kisha akalifunga polepole na kuliweka chini ya gauni lililokuwa mezani.

"Vaa viatu, tunaenda kwa nesi. Nitakaa nawe mpaka utakapotoka."

Pini alimtazama usoni. Hakuona gere. Akamwegemea begani, wakatoka hivyo, hatua kwa hatua.

Daftari lile bado lipo. Siku ile dada alipopimwa, Pini hakuandika kitu; tepu ilianguka, wakakimbia. Lakini ukurasa wa tarehe ile, ule alioufungua dada, una vipimo, na juu yake pameandikwa Pini. Kifua, inchi hamsini na moja. Mwandiko si wake, wala si wa dada.

Chini yake kuna vipimo vingine, vimejazwa vyote, kuanzia bega hadi pindo. Jina bado halijaandikwa.