Jogoo wa Okito na Kuku wa Emerance

Okito alikuwa mpakuzi wa mizigo katika stesheni ya gari la moshi, hapa Kindu. Mwaka 1954 habari ilitangazwa: safari hii watoto nao wataleta kuku wao kushindana kwenye maonyesho ya wakulima. Binti yake Emerance, wa miaka kumi, alipiga makofi. Lakini aliyeruka juu kwa furaha ni Okito mwenyewe.

"Papa, nami nitapeleka kuku?"

"Utapeleka jogoo! Na jogoo yetu njo itashinda!"

Jumapili hiyo hiyo alikwenda kwa mfugaji mmoja wa mtaa wa Mikelenge. Alirudi na jogoo mrefu, shingo nyeusi, kucha kali. Alimchagua kwa sababu moja tu: alikuwa amewapiga majogoo wengine wote pale uani.

"Jogoo mukali njo jogoo," alimwambia mkewe, Adèle.

Adèle aliangalia damu kwenye mkono wa mumewe. "Na mutoto atamushika namuna gani?"

"Atazoea."

Hakuzoea. Kila Emerance alipoingia bandani na maji, jogoo alimrukia. Wiki ya pili alimchana mguu kutoka goti hadi kifundo. Mtoto alilia sana.

"Papa, siwezi tena. Kalume, mutoto wa jirani, apeleke yake. Mimi nitaangalia tu."

Maneno hayo yalimchoma Okito. Tena alikuwa amekwisha kujisifu stesheni nzima. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Bahati nzuri, Hamadi alipita na baiskeli yake. Hamadi alikuwa moniteri wa kilimo, kazi yake kuwafundisha watu shamba na mifugo. Aliuona mguu wa mtoto, akashuka.

"Baba Emerance, umesikia sheria ya maonyesho?"

"Sheria gani?"

"Mutoto njo anabeba kuku mupaka kwa meza. Mutoto njo anamushika wakati Bwana Agronomu, mukubwa wa kilimo, anafungua mabawa. Baba hagusi."

Okito aliketi juu ya kinu. "Basi, tumekwisha."

"Hamujakwisha. Iko miezi miwili na nusu. Jogoo yako ni muzuri, lakini ulichagua kuku ya Okito. Haukuchagua kuku ya Emerance."

Kesho yake Hamadi aliwapeleka kwenye mabanda ya kuku ya serikali. Emerance alikimbia mbele, ingawa mguu ulikuwa na kidonda!

"Hawa weupe wanaitwa Legorni," Hamadi alieleza. "Wanataga mayai kupita wote. Lakini sauti kidogo tu, wanaruka. Hawa wekundu ni Rodi. Ni wazito na wapole, wanataga vizuri, na nyama iko. Hawa wa mwisho ni kuku wetu wa hapa. Wanajitafutia chakula, hawachoki mbio. Hakuna aina mbaya. Unaangalia nani atachunga, na anataka nini."

Kidole cha Okito kilikuwa kimekwisha kunyooka. "Yule mweupe! Angalia kilemba yake!"

"Ngoja, baba. Mutoto aingie."

Hamadi alimwonyesha Emerance jinsi ya kushika: mkono mmoja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, mkono wa pili juu ya mabawa.

"Sasa hesabu mupaka makumi mawili."

Kwa yule mweupe, Emerance alifika tatu tu. Kuku akapiga mabawa, akaruka juu ya kichwa cha Okito. Kwa tembe mmoja mwekundu, kuku jike ambaye hajaanza kutaga, alifika ishirini, kisha thelathini, na kuku akafumba macho kama mtu aliyeshiba. Emerance alicheka. Hamadi akampima kuku huyo: macho yanang'aa, pua kavu, vidole vimenyooka, miguu safi.

"Lakini huyu hapigani!" Okito alilalamika.

"Baba, ni weye utaingia kwa mashindano?"

Okito alishusha kidole. Emerance akasema, "Njo huyu."

Basi Okito akamnunua, akamrudisha jogoo Mikelenge, na kazi ikaanza. Asubuhi, Emerance alibadilisha maji na kutoa mahindi. Kando ya banda aliweka majivu, kuku aoge humo na kuua wadudu wa manyoya. Jioni alimshika, naye Okito alipewa kazi yake: kupiga sufuria, ili kuku azoee kelele. Aliipiga kwa moyo wote, hata Adèle akaziba masikio.

Siku ya maonyesho watu walijaa. Watoto walisimama mezani, kila mmoja na kuku wake. Okito alifunga mikono nyuma ili asiguse. Bwana Agronomu alikuwa ameshika bawa la kuku wa Emerance wakati gari la moshi lilipopiga honi.

Lo! Kuku weupe waliruka huku na huku. Wa Kalume alitua katikati ya vikapu vya mihogo. Kuku mwekundu aligeuza kichwa tu.

Emerance alipata zawadi ya kwanza: utepe na vifaranga sita. Watu wa stesheni walipiga kelele za furaha.

"Kuku muzuri sana," Bwana Agronomu alimwambia Okito. "Nani alichagua?"

Wenzake wote walikuwa wakimsikiliza. Okito alivuta pumzi.

"Mutoto wangu njo alichagua," alisema. "Miye nilichagua mubaya."

Emerance alimtazama baba yake, akafurahi kuliko alivyofurahia utepe.

Sasa mayai yapo nyumbani kila wiki, na majirani wanakuja kuuliza: "Okito, tuwanunulie watoto kuku gani?"

Naye huwauliza kwanza: "Nani atamushika?"