Kikombe cha Meno ya Bibi

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Chiriku alikuwa na kazi moja. Kwa kuwa mikono ya bibi ilitetemeka, yeye ndiye aliyemtoa meno ya bandia kabla hajajilaza, akayasugua na kuyatumbukiza kwenye kikombe cha bati.

"Yatunze, mke mwenzangu," bibi alimtania, "usije ukayavaa ukaenda nayo shule!"

Jumamosi moja wenzake walikuwa wanaruka kamba uani na zamu yake ilikaribia.

"Umeshachukua meno ya bibi?" mama aliuliza toka jikoni.

"Yapo kikombeni!" akajibu, mguu mmoja nje.

Alasiri bibi hakuamka.

Kesho yake nyumba ilijaa watu, na umbea ukajaa kuliko watu. Shangazi alimnyooshea mama kidole mbele ya kadamnasi. "Uji alikoroga nani? Si wewe, wifi? Mama yangu alikuwa mzima kama mimi!"

Mama akainama. Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua likizo, safari hii alinyemelea kikombe kitupu, akakijaza maji, akakifunika kwa kisahani.

Polisi, walioitwa kwa tuhuma hizo, walitaka maiti ipasuliwe. "Mama yangu hachanwi!" shangazi akang'aka. Daktari akawatuliza: ipo mashine inayopiga picha za ndani ya mwili wote, bila kisu. Wakakubali.

Kwenye benchi la hospitali mama alinong'ona, "Mwanangu, kama kuna unalolijua, sema." Chiriku akatikisa kichwa.

Walipoitwa, daktari aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Kooni mwa bibi mlikuwa na kitu cheupe kilichopinda, vijino vimejipanga. "Meno ya bandia yaliteleza akiwa usingizini, yakaziba njia ya hewa. Nani huwa anamtoa meno?"

Shangazi alijiziba mdomo kwa mkono. Hakumtazama wifi yake.

"Mimi," Chiriku akasema. "Nilidanganya."

Walirudi nyumbani. Mama alifunua kisahani, akayatazama maji masafi.

"Kusahau ningekusamehe palepale. Ningekimbilia chumbani, bibi yako bado anapumua. Neno moja la kweli lilitosha, mwanangu. Umeiachia mashine ikusemee, nayo imenisafisha mimi tu, bibi haikumrudisha. Siku nyingine ukikosea, sema hapohapo, hata kama ni kwa aibu."

Akamkabidhi kikombe.

"Haya, mwaga hayo maji."