Nati ya Tano

Kila Jumamosi nyumba yao iliamshwa na mashine ya kuchanganyia unga. Mama alikuwa mwokaji wa keki, na jua lilipochomoza lilimkuta amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Binti yake wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kupaka siagi vyombo vya kuokea, kuosha mabakuli, na kuongea. Hiyo ya mwisho hakuna aliyemtuma, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi. Alianza kuongea akifumbua macho na kuacha akiyafumba, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

Jumamosi hiyo kulikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu, iliyotakiwa ukumbini saa sita mchana. Saa tatu na nusu Mama alitoka uani kutayarisha gari, akakuta tairi moja la mbele limelala chini, halina upepo hata wa dawa.

"Haya tena!" alisema. "Chiriku, kamwite mjomba wako."

Mjomba alikuwa mdogo wake Mama na aliishi chumba cha uani. Alikuwa karani, lakini hapakuwa na kazi duniani ambayo hakudai kuiweza. Alitoka na kandambili zake, jeki mkononi. "Pancha tu hiyo! Dakika kumi mnaondoka."

Alilegeza nati nne bila taabu. Ya tano ikamgomea. Haikuwa na pembe kama wenzake. Ilikuwa ya mviringo, na usoni imechimbwa mchoro wa ua. Hiyo ilikuwa nati ya kufuli, ya kuwazuia wezi wa magurudumu, na haifunguki ila kwa ufunguo wake, kipande cha chuma kinene kama kidole gumba chenye ua lilelile mdomoni.

"Ufunguo umo kwenye dashibodi," alisema Mama. Dashibodi ikapekuliwa. Zikatoka risiti, peremende iliyoyeyuka na soksi moja ya Mjomba, ambayo mwenyewe aliikana. Ufunguo haukuwemo.

Chiriku alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkebe wake wa hesabu, kando ya bikari. Aliuchukua Jumatano bila kuomba ili azigonge muhuri biskuti za kupeleka darasani. Kila biskuti ilitoka na ua katikati, na wenzake wakamsifu mpaka akavimba kichwa. Alisema atarudisha kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

"Chiriku, hujauona ufunguo wa nati?"

Chiriku alitikisa kichwa. Hebu fikiria, Chiriku kujibu bila neno hata moja! Kama Mama asingekuwa na haraka, angeshtuka papo hapo.

"Basi najua uliko," Mama alisema. "Fundi Upepo! Si ndiye aliyebadilisha matairi wiki iliyopita? Amebaki nao!"

Fundi Upepo alikuwa fundi wa matairi pale njia panda. Mama hakumuuliza. Alichukua simu na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la akina mama wa mtaa, ambao karibu wote walikuwa wateja wa fundi huyo. "Jamani, mnaopeleka magari kwa Fundi Upepo, angalieni vitu vyenu. Mimi ameniibia ufunguo wa nati!" Ndipo akampigia mwenyewe, akamwamuru aje upesi.

Chiriku alikisokota kitambaa cha vyombo. Fundi Upepo alikuwa akimjazia upepo baiskeli yake tangu akiwa darasa la pili, na leo anaitwa mwizi kwa ajili ya biskuti! Alitaka kusema. Akajiambia atasema Mama akipoa kidogo. Lakini Mama hakupoa, na Mjomba alikuwa amerudi na nyundo na patasi.

"Mjomba, ngoja kwanza..."

"Kaa mbali, mtoto. Kazi hii inataka wenye akili."

Ng'a! Ng'a! Lile ua likaanza kufutika. Ng'a! Nyundo ikatua kwenye kidole gumba cha Mjomba, naye akalizunguka gari mara mbili kwa mguu mmoja, akitaja majina ya babu zake wote. Alipopata nafuu aliendelea kugonga, mpaka uso wa nati ukawa laini kama sabuni iliyotumika.

Fundi Upepo alifika kwa baiskeli, sanduku la vifaa limefungwa nyuma. Siku zote alikuwa mtu wa kucheka. Leo hakucheka.

"Mama Keki," alisema, "miaka kumi na tisa niko pale njia panda. Sasa hivi Mwalimu, mwenzenu wa kundi, alikuwa kwangu, gari lake liko juu ya jeki. Amesikiliza simu yake, akaniambia nilishushe. Kisha akahesabu nati zake moja moja, mbele ya watu." Akaiegemeza baiskeli ukutani. "Mbele ya watu, Mama Keki."

Chiriku hakuweza tena. Alikimbia ndani, akarudi na mkebe, na maneno yote aliyoyazuia yakamwagika kwa mkupuo. "Ni mimi, niliuchukua Jumatano nikagonga biskuti, nikasema nitarudisha, Mama akauliza nikaogopa, na Fundi hajaiba chochote!"

Mjomba aliacha kunyonya kidole gumba. Mama aliketi kwenye kizingiti. "Mungu wangu," alisema. "Nimemwita mwenzangu mwizi."

Fundi aliupokea ufunguo, akaujaribu kwenye nati. Ulicheza tu, haukushika.

"Nani ameitafuna nati hii?" aliuliza.

Wote walimtazama Mjomba. Mjomba akatazama mawingu.

Katika vikombe vyake vya chuma vya kufungulia nati, Fundi alichagua soketi kuukuu, ndogo kidogo kuliko nati ile, akaigongomea juu yake kwa nyundo mpaka ikabana. Akachomeka mpini, na kwenye mpini akavisha bomba refu la chuma. "Wewe wa biskuti, bonyeza hapa soketi isichomoke. Wewe mwenye akili, tusukume bomba."

Walisukuma. Soketi ikateleza, na Mjomba akaenda kukaa kwenye beseni la maji ya vyombo, povu likamfika kiunoni. Walipanga upya, wakasukuma tena. Kraaak! Nati ikakubali. Ilipofika saa tano kasoro robo tairi la akiba lilikuwa limefungwa, nati ya kawaida imekaa mahali pa ile iliyoharibika, na keki bado ilikuwa na muda wa kufika ukumbini.

"Fundi, nisamehe," alisema Mama. "Nimesema kabla ya kuuliza."

"Nimekusamehe. Lakini samahani hiyo nimeisikia peke yangu. Habari ya wizi wameisikia wote."

Mama alichukua simu. Chiriku akanyoosha mkono. "Nianze mimi, Mama."

"Shikamooni," alisema kwenye simu, machozi yakimtiririka. "Fundi Upepo hakuiba ufunguo. Niliuchukua mimi, nikanyamaza akasingiziwa. Nisameheni." Mama naye akaongeza kwamba kosa kubwa ni lake yeye, mtu mzima aliyemtangaza mtu bila kumuuliza.

Haikupita dakika moja, simu ya Fundi ikalia. Alikuwa Mwalimu, akiomba radhi na kuuliza kama anaweza kurudi.

Fundi alifunga sanduku lake, kisha akainama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Chiriku. "Binti yangu, saa tatu na nusu nati ile ilitaka ufunguo tu. Baadaye ikataka nyundo, bomba na watu watatu. Kosa lako nalo ni vilevile. Ulipoulizwa mara ya kwanza lilikuwa kosa la biskuti. Uliponyamaza, likawa jina langu. Siku nyingine liseme likiwa bado dogo, hata kama unatetemeka."

"Nitasema, Fundi," alijibu Chiriku.

"Najua utasema," alisema Fundi Upepo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Kisha akapanda baiskeli yake kwa haraka, kwa sababu Mwalimu alikuwa anamsubiri njia panda.