Mashine Iliyolilia Ziwa

Harufu ya maziwa haina kazi katika karakana. Mahali pale panatakiwa kunuka grisi, oili iliyoungua na chuma kilichochomwa. Basi mwanamke yule alipoinamia mashine ya kukereza vyuma iliyokuwa pembeni, akasikia harufu ya maziwa ya titi, alidhani pua inamchezea. Akatazama huku na huku. Wenzake walikuwa wameshughulika na vyuma vyao. Akainama tena. Harufu ilikuwa pale pale.

Chuoni walimwita Spana, kwa kuwa siku ya kwanza alikuja na spana yake mkononi kama anayekwenda kugombana. Alikuwa mwaka wa pili wa teknolojia ya uhandisi wa mitambo, mkubwa kwa umri kuliko darasa zima, na mumewe, fundi cherehani, alipenda kusema kwamba nyumba yao ni ya uzi mtupu: yeye uzi wa pamba, mkewe uzi wa bolti. Utani huo ulikoma wakati wa likizo. Binti yao, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua, alishikwa na homa asubuhi, na jua lilipozama hawakuwa naye. Chuo kilipofunguliwa Spana alikuwa wa kwanza kufika. Watu walimsifu kwa moyo mgumu. Hawakujua kwamba nyumbani ndiko kulikomshinda.

Mashine ile ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kutoka kiwanda kilichofungwa, na hakuna aliyeigombania. Kama zote za aina yake, ilikimwagia chuma maji ya kupoozea yaliyochanganywa na oili maalumu mpaka yakawa meupe. Mwalimu wa karakana alipoambiwa habari ya harufu alicheka, akasema weupe wa maji ndio unaomdanganya. Spana hakumwambia kwamba alikuwa amechovya kidole akaonja, na maji yalikuwa vuguvugu, na matamu.

Kisha mashine ikaanza kulia. Hilo peke yake si ajabu. Beringi ikichoka hulia, na fundi huijua kwa sikio. Mwalimu akafungua sanduku la gia, akakuta beringi nzima, zimelowa oili, hazina hata mkwaruzo. Akafunga. Ikalia tena: mlio mwembamba, wa kukatika katika, wenye kuvuta pumzi katikati. Spana akaweka kiganja juu ya bati la mashine. Ikanyamaza.

Asiye na mwana aeleke jiwe, walisema wahenga. Yeye akaeleka chuma. Wenzake walipokwenda kula mchana alibaki, ubavu ameuegemeza kwenye mashine, akiimba chini chini wimbo aliokuwa akimbembelezea bintiye, na mashine, umeme umezimwa, ikitetemeka taratibu kama kitu kinachokaribia kusinzia. Na maziwa yake, yaliyokauka tangu msiba, yakarudi. Asubuhi kifua kilijaa mpaka kikauma. Jioni kilikuwa kitupu, naye hana nguvu za kupanda ngazi.

Mumewe aliona. Mtu anayepima watu kwa futi kila siku hahitaji kuambiwa kwamba mkewe anakwisha. Alilipunguza gauni lake, akalipunguza tena, halafu siku moja akaketi nalo mapajani asijue ashone wapi. Alipouliza, alijibiwa kwamba ni mitihani.

Ikafika asubuhi Spana hakuweza kusimama. Mashine yake akapewa mwanafunzi mwenzake, na kilichompata alikuja kukisimulia mwenyewe, mkono umefungwa plasta: kwamba mashine ilianza kulia, akaizima, ikaendelea kulia na kuzunguka, akanyoosha mkono akague kilichokwama, na pale, kati ya chuma na chuma, ndani ya yale maji meupe, kitu kidogo, laini, chenye joto, kikamshika kidole kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha yeyote anayempa, na alipotaka kujitoa kikakaza, kikavuta, kikakaza tena, mpaka mlio wa mfupa ukasikika darasa zima.

"Alikuwa anakutafuta wewe," mwanafunzi yule alimnong'oneza Spana, asimtazame usoni. "Alipojua si wewe, alikasirika."

Alfajiri iliyofuata kilio kilikuwa jikoni kwao. Spana aliinuka kitandani, na mkono wa mumewe ukamshika.

"Na mimi namsikia," mume alisema kwa sauti ya chini. "Siku nyingi namsikia. Nilidhani ni mimi tu ninayemkumbuka."

"Ana njaa."

"Si wetu, mke wangu."

Jua lilipochomoza mume alikwenda kumwita mkunga mstaafu, mama ambaye watu walimfuata pia walipopandwa na majini. Mwalimu naye hakucheka tena. Aliwafungulia karakana siku ya mapumziko. Mkunga akaweka sikio kwenye bati, kama alivyoliweka kwenye matumbo ya wanawake wengi, akasikiliza sana. Akasema ni mtoto kweli, mtoto wa majini, ama alitupwa, ama alipotea. Ubaya hana. Ana njaa tu, na njaa yao haina mwisho. Atanyonya mpaka mama akauke, kisha atamlilia mwingine. Spana akauliza kama hakuna kingine cha kumpa.

"Mtoto haachishwi ziwa na jirani, mwanangu," mkunga alisema. "Ni wewe."

Wanaume wakatoka nje. Spana akafungua ovaroli, akajipaka kifuani shubiri aliyopewa na mkunga, akaiegemea mashine kama siku zote. Kwanza kimya. Kisha kikohozi kidogo, cha aliyeonja uchungu asioutarajia, na baada yake kilio, kilio ambacho kilipanda kutoka kwenye gia kikaingia kwenye madirisha, spana zikaanza kuanguka moja moja kutoka ukutani, maji meupe yakaruka ya moto yakamwagikia mikono yake, naye hakuruhusiwa kubembeleza, hakuruhusiwa kuweka kiganja, alitakiwa asimame tu na kusikia jinsi kilio kile kilivyokuwa kikijifunza, palepale, neno ambalo binti yake hakuwahi kulifikia, mpaka kikalitamka: mama.

Spana aliuma mdomo hadi damu.

"Mimi si mama yako," alisema. "Mtoto wangu amekufa."

Hakuwa amelisema hilo kwa mtu yeyote. Kilio kikapita dirishani, kikaenda juu ya mapaa, kikififia, kama cha mtoto anayebebwa na mtu asiyegeuka nyuma. Mashine ikapoa. Mkunga akamfunga vifungo vya ovaroli, akamwonya asimfuate hata kwa mawazo.

Nguvu zilipomrudia alimwomba mumewe wafuatane makaburini. Hakuwa amekanyaga kule tangu maziko. Kaburi lilikuwa fupi kuliko alivyolikumbuka, na majani yameanza kulifunika. Mumewe akabaki nyuma kidogo, kofia mkononi. Spana akapiga magoti, akamwita binti yake kwa jina, kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyoitwa mtoto aliye chumba cha pili. Akasubiri.

Hakuna aliyeitika. Ndipo alipolia.